Mamlaka na udhibiti kazini kwa mtazamo wa kihakiki

Katika mafunzo ya kawaida ya menejimenti, mamlaka huchorwa kama ngazi: mkurugenzi juu, mameneja katikati, wafanyakazi chini, na udhibiti huelezwa kuwa ni kuhakikisha kwamba kazi iliyopangwa imefanyika. Wasomi wa mtazamo wa kihakiki, ambao walianza kujulikana kama kundi moja mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia kazi za Mats Alvesson na Hugh Willmott, huongeza swali ambalo mchoro huo hauliulizi: mpangilio huu unamnufaisha nani, na imekuwaje hata wanaoumizwa nao wakauona kuwa ni jambo la kawaida? Kwao, mamlaka ni uhusiano baina ya watu, na uhusiano huo umejificha pia ndani ya fomu, ratiba, mashine na vipimo vya utendaji.

Mkoa wa Tanga una mfano ulio wazi kuliko mingi inayopatikana vitabuni. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yalipopanuka yakahitaji vibarua wengi, wakiwemo waliotoka mikoa ya mbali. Wengi waliajiriwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambayo ilipojaa ndipo mtu alipolipwa. Siku ilihesabiwa pale tu mkataji alipomaliza idadi ya mizigo ya majani aliyopangiwa; aliyeshindwa kuimaliza, kwa homa au kwa sababu nyingine yoyote, hakutiwa alama, ingawa alikuwa ameshinda shambani tangu alfajiri. Mtu anayeitazama kadi hiyo haraka ataiona kuwa ni kumbukumbu ya mahudhurio. Mhakiki ataona kwamba mwajiri alikuwa amejitwalia haki ya kuamua siku ni nini, na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu nyapara mkali aliweza kubembelezwa au kukwepwa, ila kadi haikuwa na sikio.

Steven Lukes, mwananadharia wa siasa na jamii aliyeandika mwaka 1974, alipanga mamlaka katika sura tatu. Ya kwanza ni ya amri, na haihitaji maelezo marefu. Ya pili ni uwezo wa kuzuia jambo lisijadiliwe: malalamiko ya posho ya saa za ziada husukumwa kila kikao hadi kwenye "mengineyo", na mengineyo yanapofikiwa mwenyekiti anatazama saa. Hakuna aliyekatazwa kusema, na kumbukumbu za kikao zitaonyesha hivyo. Sura ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuithibitisha, na binafsi naona ndiyo yenye faida kubwa kwa msomaji wa leo: ni pale matakwa ya watu yanapofinyangwa kiasi kwamba lalamiko lenyewe halizaliwi.

Chukua ofisi yoyote ya mauzo mjini Tanga inayowaambia watumishi wake kwamba "sisi hapa ni familia", kisha ikawapa lengo moja la mwezi kwa timu nzima. Meneja hahitaji tena kumfuatilia anayechelewa, kwani wenzake watamwandikia saa tatu usiku kwenye kundi la WhatsApp kwamba anawaangusha, naye ataomba radhi na kuahidi kufidia Jumapili. James Barker alieleza jambo la namna hii mwaka 1993 baada ya kuchunguza kiwanda kimoja cha Marekani kilichoondoa wasimamizi na kuunda timu zinazojiongoza: sheria walizojitungia wafanyakazi wenyewe ziligeuka kuwa kali kuliko zile za bosi wa zamani.

Hata hivyo, udhibiti haujawahi kukamilika, na wanaoueleza kana kwamba wafanyakazi ni udongo mikononi mwa mfinyanzi hukosea. Mgomo baridi ni jibu la siku nyingi. Tena, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kuwa na dharau, ubadhirifu na uonevu, ulitolewa na chama tawala chenyewe. Lakini wafanyakazi wa viwandani waliuchukua kama silaha yao, wakagoma na kuwafungia nje baadhi ya mameneja, mara nyingi wakilalamikia kudhalilishwa kuliko mishahara.