Mnyoo aliyesubiri jina miaka 15

Mwaka 2009 Bruce Strickrott, rubani wa nyambizi ya utafiti iitwayo Alvin, alikuwa chini ya Pasifiki nje ya pwani ya Costa Rica, kina cha mita 1,000 hivi, pamoja na mtafiti Lisa Levin. Hapo gesi ya methani huvuja kutoka sakafu ya bahari, na giza halina mchana wala usiku. Mbele ya taa wakapita viumbe wa rangi ya waridi, warefu kama kiganja, wenye mapindo mapindo ubavuni, wakiogelea kwa madaha kama kanga inayopepea kambani. Wakajaribu kuwanasa, wakaponyokwa. Ikabidi kungoja hadi 2018, nyambizi iliporudi mahali palepale na bomba la kunyonya, ndipo vielelezo vichache vikapatikana. Jina lao, Pectinereis strickrotti, lilichapishwa Machi 2024.

Hesabu mwenyewe: miaka tisa ya kumkamata, na karibu sita ya kumwandika. Wageni wanaotembelea chumba chetu cha vielelezo huuliza sana kuhusu ile tisa. Nyambizi inavutia, sikatai. Lakini kazi yetu hasa ni hii sita, na hakuna anayeiulizia.

Kwanza tujuane na mnyama mwenyewe. Minyoo hawa kitaalamu huitwa polikieta, maana yake "wenye vinywele vingi". Ni jamaa wa nyungunyungu wa shambani: mwili umegawanyika pingili kwa pingili. Tofauti ni kwamba kila pingili ya polikieta huwa na jozi ya vijimguu vya nyama, mfano wa makafi, na kila kafi limebeba fungu la vinywele vigumu. Kwa vinywele hivyo hutambaa, huogelea, hung'ang'ania kuta za shimo lake, na wengine humchoma anayewagusa. Spishi zinazojulikana duniani zimepita 11,000. Mvuvi anayechimba chambo kwenye tope la mikoko anawafahamu vizuri, hata kama neno polikieta hajawahi kulisikia.

Mnyoo akishafika maabara, kosa la kwanza ni kumtumbukiza kwenye dawa akiwa hai. Atajikunja, atajikata vipande, na utabaki na mafundo yasiyopimika. Kwa hiyo tunamlaza kwanza kwenye maji yaliyochanganywa na magnesiamu kloridi mpaka alegee kabisa. Tunampiga picha haraka, maana rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Halafu tunakata kipande kidogo cha mwili na kukitia kwenye spiriti kali kwa ajili ya vinasaba, na mwili uliobaki tunautia kwenye fomalini. Kwa nini tusitumie dawa moja? Fomalini hukaza mwili ukabaki na umbo lake, lakini huharibu vinasaba. Spiriti huhifadhi vinasaba, ila mwili husinyaa na kuwa mkavu wa kuvunjika. Huwezi kupata vyote kwenye chupa moja.

Kisha hadubini. Unakata kafi moja, tuseme la pingili ya kumi, unaliweka kwenye tone la gliserini juu ya kioo na kulifunika. Kilichokuwa kama uzi mweupe kinafunguka kuwa ghala la silaha. Kinywele hiki ni chembamba, kimechongoka kama mkuki. Kile kina kiungo karibu na ncha, na baada ya kiungo kuna kisu kilichopinda kama mundu. Pembeni kuna kinywele kipana chenye meno ubavu mmoja, kitana kamili, kidogo kuliko chembe ya vumbi. Unahesabu meno ya kitana. Unatazama kama meno ya pembeni ni marefu kuliko ya katikati. Unachora. Unahamia pingili ya ishirini na kuanza upya, kwa sababu vinywele vya mbele si vya nyuma.

Yule wa Costa Rica, mwenye urefu wa sentimita 10 hivi, aliwekwa katika familia ya Nereididae, yenye spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa za maji ya kina kifupi. Hii ni familia ya taya: mnyoo huligeuza koo lake nje kama mtu anayegeuza soksi, na mwisho wa koo hutokea taya mbili za koleo. Taya zikibaki ndani, ni lazima upasue, au ufanye kama walivyofanya Tulio Villalobos-Guerrero, Greg Rouse na wenzao, waliomwandika mnyoo huyu: kumpiga mnyoo eksirei za pande zote, kama mgonjwa anayeingizwa kwenye mashine ya CT hospitalini. Taya zilizofichika zikaonekana. Vinasaba navyo vikathibitisha familia. Lakini matamvua yake ya kupumulia, yaliyopangana kama meno ya kitana kwenye makafi, hayakufanana na ya jenasi yoyote iliyojulikana (jenasi ni kundi la spishi za karibu ndani ya familia), hivyo ikabidi kumtengenezea jenasi mpya. Kwa Kilatini kitana ni pecten, ndipo ikaja Pectinereis. Hiyo strickrotti ni ya rubani wetu, na "i" ya mwisho inaonyesha aliyeenziwa ni mwanamume. Angekuwa mwanamke, lingeishia na "ae".

Familia hii ina mtego wake. Wengi huishi shimoni maisha yao yote, kisha msimu wa kuzaana ukifika hubadilika mwili: kwa spishi nyingi macho hukua, vinywele vya kutambaa hutoka na mahali pake huota vipana vya kuogelea, na mnyoo huliacha shimo kwenda kutafuta mwenza. Wataalamu wa karne ya 19 walipowakuta katika hali hiyo waliwaona viumbe wengine kabisa, wakawaundia jenasi yao, Heteronereis. Baadaye ikabainika ni walewale. Ni sawa na kumkatia bwana harusi kitambulisho kipya kwa kuwa leo kavaa joho na kilemba. Wale waliopita mbele ya taa za Alvin nao walikuwa wametoka mashimoni kwa shughuli hiyohiyo, isipokuwa hawa hawana macho kabisa.

Ndiyo maana nasema kuona kitu kigeni ni rahisi. Kigumu ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyekwisha kukiandika. Mfano wangu mkubwa uko karibu nasi zaidi.

Mwaka 1813 mnyoo mmoja kutoka Devon, Uingereza, aliandikwa na mtaalamu wa viumbe George Montagu, na leo anaitwa Marphysa sanguinea, "wa damu". Ni mnyoo mnene wa matopeni na chini ya mawe, mwenye matamvua mekundu, na ni chambo kizuri. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kila aliyemkuta mnyoo wa namna hiyo, iwe Australia, Asia au Afrika, alimpa jina lilelile la Devon. Kielelezo cha awali, kile ambacho mtu angekwenda kulinganisha nacho, hakikuwapo tena. Mwaka 2003 watafiti walichukua kielelezo kingine kutoka Uingereza kishike nafasi yake. Papo hapo yule wa mashariki mwa Australia akaonekana si yeye, akapewa jina la Marphysa mullawa.

Afrika Kusini mambo yakanoga zaidi. Mwaka 2008 minyoo wa Rasi ya Magharibi waliokuwa wakiitwa sanguinea waliandikwa kuwa spishi mpya, Marphysa elityeni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa: ni Kixhosa, ilitye ni jiwe, elityeni ni "jiweni", na "-ni" ya mwisho ndiyo yetu hiihii. Nalipenda jina hili kuliko mengi yaliyotungwa kwa Kilatini. Kwa bahati mbaya halikudumu. Mwaka 2020 kundi jingine la watafiti lilirudi kwenye vielelezo vya zamani na vinasaba, likaona kwamba mnyoo huyo alikwisha kupewa jina mwaka 1866 na Mfaransa Quatrefages: Marphysa haemasoma. Sheria ya majina ya wanyama iko wazi: jina la kwanza ndilo lenye haki. Elityeni likawekwa kando. Lakini katika kazi hiyohiyo, mnyoo mwingine, aliyekuwa akiitwa kwa jina la spishi ya New Zealand, ndiye aliyekuwa mpya kweli. Anaitwa Marphysa sherlockae. Hapo umeiona "ae".

Kosa la 2008 halikuwa uzembe. Katika minyoo hawa, pingili ambako matamvua huanza na idadi ya nyuzi zake hubadilika kadiri mnyama anavyokua. Ukiwa na mdogo mmoja na mkubwa mmoja mezani, utaapa ni spishi mbili. Inatakiwa uwe nao wa kila kimo, na uwe umesoma maandiko ya Kifaransa na Kijerumani ya babu za babu zako.

Ufukwe wetu nao una madeni ya namna hii. Mjerumani Wilhelm Peters alikusanya wanyama Msumbiji miaka ya 1840 na kuwapeleka Berlin. Jina Marphysa mossambica, la 1854, ni lake. Cyril Crossland alikusanya minyoo Unguja na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na maelezo yake yakachapishwa London. Marphysa macintoshi, ya 1903, aliiandika kutokana na mnyoo wa Zanzibar. Hayo ni maandishi mafupi yenye michoro michache, na hayana kinasaba hata kimoja. Anayetaka leo kusema kwamba mnyoo wa chambo wa ghuba fulani ni mpya, ni lazima amlinganishe kwanza na hao, na ikiwezekana arudi palepale walipochimbwa achimbe wengine.

Hapo wachimba chambo mnaweza kutusaidia kuliko nyambizi. Ukimpata mnyoo usiyemtambua wakati wa bamvua, mweke peke yake kwenye maji ya bahari, kivulini. Maji ya bomba yatamuua. Mpige picha akiwa hai. Andika siku, mahali, na kama ulimchimba kwenye tope, mchanga au chini ya jiwe, kisha tumbukiza karatasi hiyo ndani ya chupa pamoja naye, usiibandike nje. Na tumia kalamu ya risasi. Nimewahi kupokea chupa yenye mnyoo mzima, makafi yote yapo, na kikaratasi cheupe kisicho na hata herufi moja. Wino wote ulikuwa umehamia kwenye spiriti, na mnyoo amegeuka buluu.