Kuzunguka Ukerewe kwa gari wakati wa vuli: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Vuli ni msimu wa majani kupukutika"

Huko Ulaya, sawa. Watafsiri wameliazima neno letu kuuita msimu wao wa miti kugeuka njano, na sasa wapo wanaolielewa hivyo hata hapa. Vuli yetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kanda ya Ziwa miti ya porini hupukutisha majani kiangazi, kati ya Julai na Septemba, kwa sababu ya kubana maji. Vuli ndipo inapochipua. Anayefika Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwezi wa 11 hukuta mashamba yametoka kulimwa, nyasi mbichi kando ya miamba, na kuelekea Desemba mikrismasi inawaka maua mekundu. Mvua mbili tatu zikishaosha vumbi la kiangazi, ukipanda juu ya mwamba unaiona Ghuba ya Speke hadi ng'ambo. Kwetu sisi hakuna wakati mzuri kuliko huu wa kukizunguka kisiwa, ila ujue saa za mvua.

"Ikinyesha tu, safari imeharibika"

Mvua ya ziwani ina ratiba yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka, maji ya ziwa hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana juu ya ziwa, hewa hupanda na radi huanza. Ndiyo maana kisiwani dhoruba nyingi hupiga usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani na kusukuma mawingu bara, kwa hiyo barabara ya Magu, Lamadi na Bunda hupata mvua zaidi alasiri.

Panga kwa kufuata hilo. Kipande cha bara kimalize kabla ya saa 8 mchana. Ukiwa kisiwani usiwahi kutoka alfajiri eti uwahi mandhari. Subiri saa 3 au saa 4 asubuhi, maji yanywee na uso wa barabara ukauke kidogo. Dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya kuliko zote: vumbi laini hugeuka utelezi juu ya udongo mgumu, na gari huteleza kama limemwagiwa sabuni. Egesha mahali pa wazi, si chini ya mti, usubiri.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: Oktoba na Novemba jua huzama mapema kuliko Februari kwa karibu nusu saa. Mwanza linazama kama saa 12 na nusu jioni, na baada ya hapo giza halichelewi.

"Ni kisiwa, lazima upande meli Mwanza mjini"

Meli za kwenda Nansio, mji mkuu wa kisiwa, zipo na huchukua kama saa tatu. Lakini gari lina njia yake: Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, kisha kushoto hadi Kisorya, na hapo kivuko kinakuvusha mlango mwembamba wa maji hadi Rugezi, upande wa kisiwani. Ni zaidi ya kilomita 200, safari ya siku. Kwenye sehemu ya kwanza unakuwa na ghuba upande wa kushoto, na kabla ya Bunda unapita kando kabisa ya hifadhi ya Serengeti.

"Kwenye kivuko baki ndani ya gari"

Hili ni la hatari, tunalisema kwa uzito. Abiria wote washuke kabla gari halijapanda. Dereva apande peke yake, avute breki ya mkono, aweke gia, azime injini, naye ashuke. Vioo vya madirisha vibaki chini. Vaa jaketi okozi hata kama safari ni fupi. Msikimbilie upande mmoja kivuko kinapokaribia gati. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya kisiwani Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Ukiona kivuko kimejaa kupita kiasi, subiri kinachofuata.

"Bila gari kubwa la kupanda milima hufiki popote"

Gari dogo lililo zima hufika Nansio na Bukindo, na sehemu kubwa ya barabara za ndani, mradi dereva ajue udongo anaokanyaga. Udongo wa Ukerewe kwa sehemu kubwa umetokana na miamba ya matale (graniti), una mchanga mwingi, hivyo hunywa maji haraka. Balaa liko mabondeni kwenye mpunga, ambako udongo mweusi hushika tairi kama gundi. Huko geuza, usijaribu.

Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa tairi kutoka pauni 32 hadi 22 au 24, nenda polepole, usikate kona ghafla, na beba pampu ya kuujaza tena kabla ya kushika lami. Ukikwama, kosa la kila mtu ni kukanyaga mafuta: tairi huchimba shimo lake mpaka tumbo la gari likalalia mchanga. Simama mara moja. Nyoosha usukani. Ondoa mchanga mbele na nyuma ya tairi zote nne, kisha jaribu kwanza kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, maana hapo mchanga umeshashindiliwa. Jeki bila kipande cha ubao chini yake huzama; beba ubao wa futi moja kwa futi moja.

"Maji yakiwa maangavu hayana kichocho"

Konokono wanaobeba kichocho hukaa penye maji tulivu na magugu, lakini vimelea wanaotoka kwao huogelea, na huwaoni kwa macho. Hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na huwa wengi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, saa zile zile ambazo mgeni hutamani kuoga. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye ndoo siku mbili bila konokono ni salama kuogea. Uliyeingia ziwani, pima baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito.

"Taa za wavuvi wa dagaa huonekana kila usiku"

Hapana, fuata mwezi. Dagaa huvutwa na taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hupumzika. Ukitaka kuona ziwa limewaka kama mji, lala Ukerewe siku za mwezi mwandamo, na ufunge madirisha, kwani vijidudu vya ziwani huibuka kwa mawingu siku hizo hizo.

Asubuhi yake dagaa huanikwa. Wa chanjani ni bora kuliko wa mchangani. Chukua mmoja, mvunje: mkavu hukatika kwa mlio, mbichi hujikunja. Mng'ao wa fedha ni dalili njema. Wekundu wa kutu maana yake mvua iliwakuta juani. Wabebe kwenye kiroba kinachopitisha hewa, mdomo wazi, si ndoo yenye mfuniko, la sivyo joto la buti litawatoa jasho na kufika Bunda wameshaanza kunuka.