Kilaze Kifudifudi Kwanza

Kibao cha alabasta cha Uingereza ya kale, yaani bamba la jiwe jeupe lililochongwa picha za dini, kikifika mezani kwangu, kwanza nakilaza kifudifudi kwenye mto laini. Mgongoni alama za patasi zimeachwa vilevile, maana mchongaji alijua hakuna atakayeziona. Kuna pia vitundu viwili vitatu vilivyomiminiwa madini ya risasi ili kushika waya, na waya hizo ndizo zilizofunga kibao kwenye fremu ya mbao juu ya altare. Nikiziona najua nimeshika ukurasa mmoja wa masimulizi marefu, ya furaha za Bikira Maria au mateso ya Yesu.

Jiwe lenyewe ni jasi, ndugu ya ile inayochimbwa Makanya kule Same, ila chembe zake ni laini na zimeshikana. Lilichimbwa hasa Tutbury na Chellaston, katikati ya Uingereza, na mji wa Nottingham ukapata jina kwa kulichonga. Hukwaruzika hata kwa ukucha. Kwa fundi hiyo ilikuwa neema. Kwetu watunzaji ni mtihani, kwa kuwa maji hulimumunya polepole. Silipangusi kamwe kwa kitambaa chenye maji.

Sasa kigeuze. Tuseme ni Ufufuko: Yesu anatoka kaburini, na mguu wake unamkanyaga askari aliyelala fofofo. Nimeuona mguu huo mara nyingi na bado unanisimamisha, uzito wa mwili ulio hai juu ya mtu asiyejua kinachoendelea. Tazama chini kabisa, kwenye pembe ambako mikono ya wasafishaji haikufika. Kuna kijani iliyokolea, na juu yake maua madogo ya vitone. Nywele na pindo za mavazi zilipakwa dhahabu. Weupe mtupu uliachwa kwa nyuso na mikono, midomo na macho yakatiwa rangi. Wanaosifu kazi hizi kwa weupe wake wanasifu uchakavu, na hilo huniuma.

Ilikuwa biashara kubwa. Altare ya Windsor (hapa nasema michongo yote iliyosimama juu ya altare, si meza yenyewe) ilihitaji mikokoteni 10 kuisafirisha kutoka Nottingham. Mwaka 1456 padri Mwingereza, John Goodyear, alitoa zawadi ya altare ya alabasta kwa kanisa kuu la Santiago de Compostela, Uhispania. Mwaka 1491 Nicholas Hill, mchongaji wa Nottingham, alimshtaki wakala wake kwa ajili ya vichwa 58 vya Yohane Mbatizaji. Hamsini na nane, kwa mzozo mmoja! Vilikuwa vichwa juu ya sahani, na watu waliviweka majumbani kwa sala.

Kisha yakaja Matengenezo ya dini, Uingereza ilipoacha Ukatoliki ikawa ya Kiprotestanti. Sheria ya 1550 iliamuru sanamu za makanisani ziharibiwe, na mwaka huohuo balozi wa Uingereza nchini Ufaransa aliripoti kuwasili kwa meli tatu au nne zilizosheheni sanamu za kuuzwa Paris, Rouen na kwingineko. Nyingine zilifichwa: mwaka 1779 sanamu tatu zilipatikana chini ya sakafu ya kanisa la Flawford, karibu na Nottingham.

Ukifika London, ingia Victoria and Albert Museum uitafute altare ya Swansea. Vibao vyake bado vimo ndani ya fremu yao ya mbao. Inama, uanze kutazama miguuni.