Hakuna fidia ya Paris, naomba tuelewane

Tangu Kimbunga Hidaya kipite Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam–Lindi kukatika pale Somanga, haupiti mwezi bila mtu kuniletea orodha ya majina. Juzi Kilwa alikuja mzee mmoja na karatasi yake: kaya, ekari, mikorosho iliyong'oka, yote kwa kalamu nyekundu. "Mwanangu, tuingize kwenye fidia ya Paris."

Haipo. Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 2015, unayo Ibara ya 8 ya hasara na uharibifu, ndiyo, lakini uamuzi ule ule ulioupitisha, aya ya 51, unasema ibara hiyo si msingi wa kudai fidia. Nchi tajiri ziliking'ang'ania kifungu hicho. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 nao unaishi kwa michango, na hauna dirisha la kulipa mkorosho mmoja mmoja.

Nikisema hivyo hujibiwa: "Basi fedha zimeliwa njiani." Kuna zinazoliwa, sikatai, ila hizi hazikuwahi kuingia chunguni.

Zinazokuja ni fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi, nazo hufuata andiko la mradi. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaotoa fedha hizo, utakuuliza: unathibitishaje kwamba hili ni la tabianchi, si mtaro uliozibwa siku zote? Hapo orodha ya majina haifui dafu. Linatakiwa daftari: bamvua ya mwezi gani maji yalifika mnazi upi, kisima kilianza chumvi lini. Mzee yule alikumbuka kuwa cha msikitini kilibadilika mwaka alioozesha binti yake wa mwisho. Nikamwambia aandike hivyo hivyo, na mwaka autaje. Watendaji wa vijiji nimewaomba hadi nimechoka. Wananijibu daftari limejaa michango ya Mwenge.

Mengine ninayoambiwa niyapitie haraka. Eti joto linatoka kwenye tundu la ozoni: hapana, ozoni ina itifaki yake, Montreal 1987, na tabaka linapona. Joto linaletwa na hewa ukaa na wenzake. Eti mkataba hautuhusu kwa kuwa hatuna viwanda: Tanzania iliuridhia mwaka 2018, na Ibara ya 7, ya kuhimili, inatugusa sisi kuliko wenye viwanda.

Na mikoko haipandwi popote, jamani. Ukiichomeka kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, miche inaondoka na maji. Acheni kukata, fungueni njia ya maji iliyozibwa, mingi itajiotea yenyewe bila semina.