Pesti ya prosesa si siagi ya mkate

Juzi nimefungua kompyuta ya mezani iliyokuwa ikijizima kila baada ya dakika chache. Chini ya hitisinki, yaani kipande cha metali kinachotoa joto la prosesa (ubongo wa kompyuta), nikakuta pesti inayopakwa kati ya viwili hivyo ikiwa nene kama uji, imefurika hadi kwenye soketi, pale prosesa inapokaa. Mwenyewe akasema, "Fundi, niliijaza vizuri ili ipoe." Kauli hiyo naisikia kila mwezi, na imenichosha.

Pesti haipozi kitu. Kinachopoza ni hitisinki na feni yake. Uso wa prosesa na wa hitisinki, hata uking'aa, una vishimo visivyoonekana kwa macho, na humo hukaa hewa. Kwa kipimo cha upitishaji joto, yaani wati kwa mita kwa kelvini, hewa ina takriban 0.026 tu. Pesti nyingi za dukani zina kati ya 4 na 12, na shaba ina karibu 400. Maana yake pesti inaishinda hewa mara mia na zaidi, lakini mbele ya shaba ni dhaifu mno. Kazi yake ni kuziba vishimo, basi.

Hitisinki ikikazwa sawasawa, pesti ya ziada hufinywa nje na hasara yake kubwa ni uchafu. Tatizo la yule mteja lilikuwa mguu mmoja wa plastiki ambao haukuingia hadi ukalia "tik" kwenye bodi kuu ya kompyuta. Hitisinki ilikaa upande, naye akajaribu kuziba pengo kwa pesti. Pengo la namna hiyo halizibiki, hata umalize bomba zima! Weka kiasi cha punje ya mbaazi katikati, shusha hitisinki wima bila kuiburuza, kisha kaza kwa mkingamo: kona hii kidogo, halafu ile iliyo mkabala nayo, hadi zote zishike.

Wapo wanaosema pesti ya zamani ikiwa bado laini inafaa kurudishiwa. Haifai. Ukishainua hitisinki, hewa imeingia. Futa pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi, uanze upya.

Dawa ya meno badala ya pesti? Ina maji, hukauka na kupasuka. Usiitumie.

Wala huna haja ya kubadilisha kila baada ya miezi michache. Pesti nzuri hukaa miaka. Soma nyuzijoto za prosesa kwanza, ndipo uguse skrubu.

Ile pesti ya metali kimiminika ina galiamu, nayo hula alumini na hupitisha umeme. Kama hitisinki yako ni ya alumini, iache kabisa.

La mwisho ni la wenye prosesa za kampuni ya AMD za aina ya soketi iitwayo AM4. Msivute hitisinki kwa nguvu ikiwa bado baridi: pesti iliyokauka hung'oa prosesa na pini zake kutoka kwenye soketi, na pini hupinda. Washa mashine ifanye kazi dakika kadhaa ipate joto, izime, chomoa umeme, fungua skrubu, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia hadi iachie yenyewe.