Kuhifadhi Git kwa ajili ya kesi ya hataza Marekani

Ukishapata barua ya kudaiwa kuingilia hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi), na kesi ikaonekana inakuja, wajibu wa kuhifadhi ushahidi umeshaanza. Hausubiri mtu afike mahakamani. Mawakili wengi hukimbilia barua pepe. Mimi naanza na Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kwa sababu Git hujifanyia usafi yenyewe.

Kumbukumbu zake za reflog, zinazoonyesha tawi (mkondo mmoja wa kazi) lilikuwa wapi kabla ya kusogezwa, hudumu siku 90. Zikielekea komiti (badiliko lililohifadhiwa) isiyofikika tena kutoka tawi lake, siku 30. Zikishaondoka, git gc, amri ya usafi, inaweza kuifuta komiti yenyewe, mradi umri wake umepita wiki 2. Kwa hiyo siku hiyohiyo, kwenye seva na kwenye kompyuta za waandishi wa msimbo, weka gc.auto kuwa 0, kisha gc.reflogExpire, gc.reflogExpireUnreachable na gc.pruneExpire zote ziwe never. Barua ya wakili inayosema "msifute kitu" haiizuii programu inayofuta bila kuulizwa.

Mwaka 2012, katika kesi ya Apple na Samsung, Hakimu Paul Grewal aliibana Samsung kwa sababu mfumo wake wa barua pepe ulikuwa ukifuta ujumbe kila baada ya wiki 2 na haukusimamishwa. Jaji Lucy Koh baadaye akaona Apple nayo haikuhifadhi ipasavyo. Tangu Desemba 1, 2015, Kanuni ya 37(e) ya mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho inataka ithibitike kwamba mtu alikusudia kumnyima mwenzake ushahidi kabla ya adhabu nzito kutolewa. Lakini hata uzembe mtupu unaweza kukuletea hatua za kufidia hasara ya upande wa pili.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kutumia git clone, amri ya Git ya kunakili hazina ya msimbo, kutengeneza nakala ya ushahidi. Clone haibebi reflog, na kwa kawaida haibebi komiti zilizoachwa njiani, hata ukiongeza --mirror. Nakili folda yote ya .git, au diski nzima kupitia kifaa kinachozuia kuandika, kisha piga hashi ya SHA-256, yaani alama ya kidijitali inayobadilika data ikiguswa. Herufi na tarakimu zake 64 ndizo zinazowezesha cheti cha mtaalamu chini ya Kanuni ya 902(14) ya ushahidi, iliyoanza 2017, bila kumpandisha shahidi kizimbani kwa ajili ya kuthibitisha nakala tu.

Sasa tarehe, ambapo kesi nyingi za msimbo hukwama. Kila komiti ina tarehe mbili: ya mwandishi na ya aliyeiingiza. git log huonyesha ya mwandishi peke yake; tumia git log --format=fuller. Ukiona ya kwanza ni 2011 na ya pili 2019, mara nyingi ni rebase (kupanga upya komiti juu ya msingi mwingine), si udanganyifu. Ila zote mbili mtu anaweza kuziweka apendavyo, hivyo zitafutie ushahidi wa nje: kumbukumbu za seva, tiketi ya kazi, barua pepe ya mapitio. Kwa hataza zinazofuata sheria ya kabla ya Machi 16, 2013, tarehe ya uvumbuzi inaweza kuamua kila kitu.

Chapisha pia ukanda wa saa. Git hutunza sekunde tangu Januari 1, 1970 pamoja na tofauti ya saa, mfano -0800. Ukigeuza kuwa UTC (saa ya kimataifa) bila kusema, komiti ya saa nne usiku California inahamia siku ya pili yake.