Nishati ya miale ya kosmiki: yanayodhaniwa na yalivyo

Kinachotupoteza kwanza ni hilo neno "miale". Ukilisikia unawaza mwanga. Lakini miale ya kosmiki, ambayo Victor Hess aliigundua mwaka 1912 akiwa angani kwa puto, ni chembe zenye chaji: nyingi mno ni protoni, kisha viini vya heliamu, na elektroni chache.

Dhana: darubini huzipiga picha, nishati ikasomeka hapo hapo.

Sivyo. Fermi, darubini ya angani iliyorushwa na NASA Juni 2008, haina lenzi wala kioo. Chombo chake kikuu ni minara 16 iliyopangwa bega kwa bega: juu silikoni na tangsteni, chini fuwele 1,536 za iodidi ya sesiamu. Tazama fuwele moja tu. Ni mche wa sentimita 33 hivi, mwembamba kama kidole gumba. Elektroni ikiingia huzaa chembe nyingine, nazo huzaa zao, hadi yanakuwa manyunyu. Fuwele humeta kadiri ya nishati iliyoachiwa, na mmeto huo hupimwa kwenye ncha zote mbili. Ncha iliyong'aa zaidi huonyesha manyunyu yalipita karibu na wapi. Nishati, basi, hujumlishwa kutokana na mabaki.

Dhana: chembe yenye nguvu zaidi ndiyo rahisi kupima.

Kinyume chake. Manyunyu ya elektroni yenye elektrovolti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni moja hutoka upande wa pili wa fuwele kabla hayajaisha. Wataalamu hufuatilia yalivyokua katika matabaka manane ya fuwele, ndipo wakadirie kilichovuja. Kwangu mimi hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Mwaka 2009 vipimo hivyo havikukiona kile kilele kikali cha elektroni, yaani wingi wao kupanda ghafla kwenye nishati fulani, ambacho kifaa cha puto kiitwacho ATIC kilikuwa kimekiripoti mwaka 2008.

Dhana: bila sumaku huwezi kutenganisha elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya.

Fermi haina sumaku, ila Dunia yenyewe ni sumaku. Karibu na ukingo wa Dunia unaoonekana kutoka Fermi, upande wa magharibi kuna sehemu ambako positroni hupenya na elektroni huzuiwa. Mashariki ni kinyume. Matokeo ya mbinu hiyo yalichapishwa mwaka 2012.

Sumaku hiyo hiyo husahihisha kipimo. Fermi huzunguka bila kwenda mbali na ikweta, hupita hata juu ya Kenya na Tanzania, na huko chembe dhaifu hurudishwa. Kiwango cha nishati ambacho chembe huanzia kupenya hukokotolewa kutokana na sumaku hiyo. Kilipolinganishwa na usomaji wa fuwele, tofauti ilikuwa takriban asilimia 3.